Churchill mwandishi: uanzie wapi, na umwamini kiasi gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtangazaji katika redio moja ndogo hapa Musoma. Nimesikia kwamba Winston Churchill, kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa mwandishi wa habari za vita, na kwamba baadaye alipewa Tuzo ya Nobel. Mwenzangu kazini anasema ilikuwa Nobel ya amani, mimi nasema ya fasihi. Nataka kumsoma. Nianze na kitabu gani? Na mtu aliyepigana vita halafu akaviandika mwenyewe, tumwamini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na huo ubishi wenu wa kazini: wewe ndiye uliyepata. Mwaka 1953 Churchill alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kwa umahiri wake wa kuandika historia na maisha ya watu, na kwa hotuba zake. Hakwenda Stockholm kuipokea. Wakati wa sherehe alikuwa Bermuda kwenye mkutano wa wakuu, na mkewe Clementine ndiye aliyekwenda kumwakilisha. Nobel ya amani hakuwahi kuipata.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niketi niandike kirefu, kwa sababu nimelibeba kwa miaka mingi darasani. Jibu nililofikia ni hili: kalamu ya Churchill ilikuwa huru zaidi alipokuwa na cheo kidogo. Kila alipopanda ngazi, kuna jambo liliachwa nje ya ukurasa. Kwa hiyo ukishika kitabu chake chochote, kabla ya kusoma neno la kwanza, tazama mwaka kilipotoka, kisha ujiulize mwaka huo bwana huyu alikuwa nani, na alikuwa anamtegemea nani.

Mwaka 1895 alikuwa si mtu wa maana sana. Alikuwa luteni wa pili katika kikosi cha wapanda farasi, mwenye miaka 20, mtoto wa ukoo mkubwa lakini mfukoni hana kitu. Baba yake, Lord Randolph, alikuwa amefariki Januari mwaka huo huo. Kijana akatumia likizo yake kwenda Cuba, ambako Wahispania walikuwa wakipigana na wapigania uhuru, na gazeti la Daily Graphic likamlipa gini 5, fedha ya zamani ya Kiingereza, kwa kila barua. Siku aliyotimiza miaka 21, tarehe 30 Novemba 1895, alikuwa msituni na jeshi la Wahispania, na hapo ndipo aliposikia risasi za vita kwa mara ya kwanza.

Hizo gini 5 zina maana kuliko zinavyoonekana. Wakati ule mbunge wa Uingereza hakulipwa mshahara. Malipo yalianza mwaka 1911. Kijana asiye na mali aliyetaka kuingia bungeni ilibidi ajitafutie fedha na jina, na Churchill alivipata vyote viwili kwa kalamu. Mwaka 1897 alikwenda mpakani mwa India na Afghanistan, kwenye eneo la Malakand, akiwaandikia Daily Telegraph kwa paundi 5 kwa safu moja ya gazeti, na gazeti la Pioneer la Allahabad pia. Mwaka uliofuata Morning Post likampa paundi 15 kwa safu. Kufikia Vita vya Makaburu mwaka 1899, gazeti hilo hilo lilimlipa paundi 250 kwa mwezi, gharama zote juu yao. Huo ulikuwa mshahara ambao waandishi wachache sana wa zama zake walikuwa wameuona. Wewe uko kwenye kazi hii, unajua maana ya mtu kupanda bei namna hiyo ndani ya miaka minne.

Kuandika alijifunza kwa sehemu kubwa peke yake. Shuleni Harrow alikuwa nyuma katika Kilatini, kwa hiyo akabaki kwenye madarasa ambako Kiingereza kilifundishwa sentensi kwa sentensi, na mwenyewe anasema ndipo umbo la sentensi lilipomwingia mifupani. Kisha huko Bangalore, wakati maofisa wenzake wanalala mchana kukwepa jua, yeye alikuwa anawasoma wanahistoria Gibbon na Macaulay. Ukimsoma utawasikia wote wawili: sentensi ndefu inayojenga ghorofa juu ya ghorofa, halafu ghafla sentensi ya maneno manne inayofunga mlango.

Kitabu cha kwanza, The Story of the Malakand Field Force, kilitoka mwaka 1898. Kimejaa makosa ya uchapaji, maana mwandishi alikuwa India na mjomba wake aliyeachiwa kukipitia huko London hakukipitia vizuri. Wewe kiruke kwa sasa, twende Sudan, kwa sababu Sudan ndiko jambo hili linakoonekana wazi kabisa.

Jenerali Kitchener, aliyekuwa akiongoza jeshi la Waingereza na Wamisri dhidi ya dola iliyoachwa na Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan, hakumtaka Churchill kabisa. Alimwona kijana anayetumia jeshi kama ngazi. Churchill akazunguka kwa wakubwa wa London mpaka akapata nafasi katika kikosi cha 21st Lancers, kwa sharti kwamba ajigharimie mwenyewe, na akiuawa serikali isidaiwe senti. Barua zake kwa Morning Post zilitoka kana kwamba ni za mtu anayemwandikia rafiki yake.

Tarehe 2 Septemba 1898, mjini Omdurman, ng'ambo ya Khartoum, wafuasi wa Mahdi zaidi ya 10,000 waliuawa katika muda wa asubuhi moja, wengi wao na bunduki za Maxim na mizinga kabla hawajafika karibu. Upande wa Kitchener walikufa hamsini hivi. Churchill mwenyewe alikuwa katika kikosi kilichotimua mbio na farasi kuwaendea watu wachache waliowaona mbele, kumbe nyuma yao kuna korongo, na ndani ya korongo kuna maelfu. Anaeleza kwamba kwa dakika mbili hivi kikosi chake, kisichofika watu 400, kilipoteza maofisa 5, askari 65 na farasi 119, waliouawa na waliojeruhiwa. Yeye hakushika upanga kwa sababu bega lake lilikuwa limeteguka zamani huko India. Alitumia bastola ya Mauser.

Mpaka hapo ni hadithi ya vita kama hadithi nyingine. Ila siku chache baadaye alirudi uwanjani kutazama, na alichokiandika baada ya kurudi ndicho kilichonifanya nimheshimu kama mwandishi. Anawaeleza majeruhi wa upande wa pili walioachwa juani bila maji, wakijikokota kuelekea mto Nile. Yuko mmoja aliyebaki na mguu mmoja. Kwa siku tatu alikuwa ametambaa maili moja, na mtoni zilikuwa zimebaki maili mbili. Churchill anajiuliza kama mtu yule alifika kwenye maji. Hamwiti shetani wala mshenzi. Anasema watu wale walikuwa mashujaa kama mashujaa wowote waliowahi kutembea duniani, na kwamba kifo chao hakikuwa na thamani pungufu kuliko cha Mwingereza yeyote.

Haya yote yamo katika The River War, toleo la kwanza la mwaka 1899, lenye juzuu mbili. Humo anamshambulia Kitchener waziwazi kwa jinsi majeruhi walivyotendewa, na zaidi kwa kaburi la Mahdi: kaburi lilibomolewa, mwili ukatupwa mtoni, na kichwa kikachukuliwa, kikapita mikononi mwa watu ndani ya debe la mafuta ya taa. Aliyekuwa luteni anamwambia aliyekuwa jenerali wake, tena jenerali aliyetoka kushangiliwa na taifa zima, kwamba kitendo kile ni aibu. Si jambo dogo.

Sasa subiri. Mwaka 1902 kitabu kikatolewa upya, juzuu moja badala ya mbili. Mwandishi kwa wakati huo alikuwa mbunge, na Kitchener amekuwa mshindi wa Afrika Kusini. Lawama nyingi dhidi ya Kitchener zikatoweka. Toleo hilo fupi ndilo lililochapwa tena na tena kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndilo lililojaa maktaba zetu. Mimi mwenyewe nilifundisha kwa toleo hilo muda mrefu nikidhani ndicho kitabu chenyewe. Siku niliyopata juzuu mbili za mwanzo mkononi nilikaa nazo mpaka taa zikazimwa, nikiwa na uchungu kwa wanafunzi wote ambao nilikuwa nimekwisha kuwaaga bila kuwaonyesha kurasa zile.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Toleo hilo la 1899 ndilo pia lenye aya ile ya kuutukana Uislamu, ambayo kila baada ya miezi michache utaiona inazungushwa mitandaoni. Ni maneno yake kweli, si ya kubuni. Yaliondolewa mwaka 1902 pamoja na mengine. Kwa hiyo mkasi ulikata ujasiri na ukakata chuki, vyote kwa pamoja. Anayekuletea kurasa za mguu mmoja peke yake anakuficha kitu, na anayekuletea ile aya peke yake anakuficha kitu. Kijana yule mwenye miaka 24 aliandika vyote viwili, na ndani ya kitabu kimoja.

Afrika Kusini nitaipitia kwa haraka kidogo, maana hadithi yake inajulikana, na wewe mwenyewe utaifurahia. Novemba 15, 1899, treni ya deraya iliyokuwa ikipeleleza huko Natal ilishambuliwa na Makaburu na mabehewa yakaacha reli. Churchill alikuwamo kama mwandishi tu, hakuwa askari siku hiyo. Dereva alijeruhiwa kichwani akataka kukimbia. Churchill akamwambia mtu hapigwi mara mbili siku moja, na dereva akarudi kwenye injini. Kwa muda wa saa nzima hivi, chini ya risasi, walisukuma mabehewa yaliyoziba njia mpaka injini ikapita na majeruhi. Yeye akarudi kuwatafuta waliobaki, akakamatwa, bastola yake akiwa ameisahau kwenye injini. Akafungwa Pretoria, katika jengo la shule. Usiku wa Desemba 12 akaruka ukuta. Wenzake wawili waliokuwa katika mpango huo walibaki ndani, na mmoja wao, Kapteni Haldane, alikaa na kinyongo hicho miaka mingi. Makaburu wakatangaza zawadi ya paundi 25 kwa atakayemleta, hai au maiti. Alijificha ndani ya mgodi wa makaa ya mawe karibu na Witbank, panya wakila mishumaa yake gizani, kisha akafichwa katikati ya marobota ya sufu kwenye treni ya mizigo mpaka Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo.

Hapa kuna somo zuri kwa mwanahabari. Katika kitabu cha mwaka 1900, London to Ladysmith via Pretoria, hakueleza nani alimficha mgodini wala alitokaje, kwa sababu watu wale walikuwa bado ndani ya nchi ya adui na wangeadhibiwa. Majina na mambo yote aliyatoa baada ya vita, na maelezo kamili yamo katika My Early Life ya mwaka 1930. Ukilinganisha vitabu hivyo viwili utaona mwandishi anaficha kitu kwa sababu ya haki kabisa: kulinda chanzo chake. Lakini katika hicho hicho cha 1930 anadai kwamba aliyemkamata kwenye treni alikuwa Louis Botha mwenyewe, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, na wanahistoria wengi hawalikubali. Hadithi nzuri ikikaa miaka thelathini inaota mbawa. Basi hata My Early Life, ambacho ndicho kitabu chake cha ukarimu na uwazi kuliko vyote, kisome ukikumbuka kwamba anayesimulia ni mtu wa miaka 55 anayemtazama kijana wa miaka 25 kwa upendo.

Oktoba 1900 alichaguliwa mbunge wa Oldham, umaarufu wa kutoroka ukiwa umemtangulia. Akazunguka Uingereza, Marekani na Canada akitoa mihadhara ya kulipiwa, na kwa vitabu, magazeti na mihadhara akawa na akiba ya kama paundi 10,000. Tangu hapo hakuwa tena mwandishi wa vita wa kukodishwa. Na ndipo anapofika kwetu.

Mwaka 1907 Churchill alikuwa naibu waziri wa makoloni. Mwisho wa Oktoba alishuka Mombasa kutoka kwenye manowari ya Venus, akapanda reli ya Uganda, akakalia benchi iliyofungwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama. Nairobi, Thika, kuuzunguka Mlima Kenya, Kisumu, kisha meli kuvuka ziwa hili unaloliona wewe kila asubuhi, ila yeye alielekea Entebbe. Upande wetu ulikuwa chini ya Wajerumani, na moto wa Maji Maji ulikuwa ndiyo kwanza unazimika. Kampala alikutana na Kabaka Daudi Chwa, mtoto wa miaka 11. Kutoka Jinja akashika njia ya miguu na baiskeli na maboti kuufuata Nile mpaka Gondokoro na Khartoum. Makala zilianza kutoka katika jarida la Strand Machi 1908, na kitabu, My African Journey, kikatoka mwishoni mwa mwaka huo. Sura moja imebeba neno letu lenyewe, safari.

Ninakushauri ukisome chote, ukiwa na penseli. Uganda inamwingia moyoni kuliko mahali pengine popote. Anauona ufalme wenye bunge lake, watu wanaosoma na kuandika, na anaishauri serikali yake iweke nguvu zake huko. Anaandika kwa huzuni juu ya malale yaliyofyeka watu wa visiwani na ufukweni. Jinja anaketi mbele ya maporomoko ya Ripon akitazama maji yanavyoondoka ziwani, na anawaza bwawa: ingekuwa raha iliyoje, anasema, Nile ya kale ianze safari yake kwa kupitia kwenye mtambo wa kufua umeme. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, na Waziri Mkuu wa Uingereza siku hiyo alikuwa Churchill. Maporomoko aliyokuwa akiyatazama yamezama chini ya maji ya bwawa hilo.

Kuhusu walowezi wa Nairobi anaona mbali. Anasema kila mzungu wa mji ule ni mwanasiasa, na anaonya kwamba itakuwa siku mbaya kwa wenyeji siku watakapoachwa mikononi mwa wazungu wachache wanaojali maslahi yao. Anawatetea pia Wahindi waliojenga reli na kufungua biashara. Halafu ukigeuza kurasa chache unamkuta anawaeleza Wakikuyu kama watoto wachangamfu wanaohitaji kushikwa mkono na kufundishwa kazi. Onyo na dharau vinakaa jirani, na mwandishi haoni kwamba vinagombana. Ukikumbuka kwamba hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952 Waziri Mkuu kule London alikuwa huyu huyu, ule ukurasa wa onyo unauma zaidi.

Lakini linaloniuma mimi halimo kitabuni. Januari 1908, katika nchi ya Wakisii, mtu mmoja aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza aitwaye Northcote. Ofisa hakufa. Serikali ya koloni ikapeleka jeshi, likachoma vijiji, likateka mifugo na kuua watu mamia. Simu ya maandishi yenye taarifa hiyo ilipofika London mezani kwa naibu waziri, mwezi Februari, Churchill aliandika pembeni kwamba jambo lile linafanana na machinjio, na kwamba Bunge likilipata, mipango yote ya Afrika Mashariki itaingia doa. Kisha akaongeza: hakika haiwezi kuwa lazima kuendelea kuwaua watu hawa wasio na kinga kwa kiwango kikubwa namna hii.

Soma maneno hayo taratibu. Mwanzoni anaongea mwanasiasa anayeogopa Bunge. Mwishoni anaongea yule yule aliyemwona mtu wa mguu mmoja akitambaa kwenda mtoni Omdurman. Maneno yakabaki ndani ya jalada la ofisi. Mwezi mmoja baadaye, Machi, wasomaji wa Strand wakafungua makala ya kwanza ya safari ya kupendeza: treni, simba, chai, mandhari. Mwaka 1899 luteni alikuwa ameona machinjio akayachapa kitabuni kwa jina lake. Mwaka 1908 naibu waziri aliyaona kwenye karatasi, akayaita kwa jina lake, na hakuyachapa. Ndiyo maana nimekuambia uangalie cheo kwanza.

Ukishalishika hilo, vile vitabu vikubwa vya baadaye havitakutisha kwa unene wake. The World Crisis, vilivyotoka kati ya 1923 na 1931, vinahusu Vita vya Kwanza, lakini moyo wake ni Gallipoli, mashambulizi ya mwaka 1915 yaliyoshindwa na kumng'oa katika uongozi wa jeshi la majini. Visome kama utetezi wa wakili hodari, ila wakili mwenye nyaraka. Juzuu nne za Marlborough ni za babu wa ukoo wake, na sitakulazimisha. Riwaya yake moja tu, Savrola, mwenyewe aliwasihi rafiki zake wasiisome.

The Second World War, juzuu sita kuanzia 1948, ni kitu kingine. Kilimletea fedha nyingi na kilitengeneza jinsi ulimwengu ulivyoikumbuka vita ile kwa kizazi kizima. Hakukiandika peke yake. Alikuwa na timu: Deakin mwanahistoria, Jenerali Pownall, Komodoo Allen wa jeshi la majini, na wengineo. Wao walileta nyaraka na rasimu. Yeye alitembea chumbani akitoa imla kwa makatibu, usiku sana, kisha akatuma kwa mchapaji, na kilichochapwa akakikata na kukiandika upya, mara nyingine mara nne au tano. Katibu wa baraza la mawaziri, Norman Brook, aliipitia miswada kabla haijatoka. Siri kubwa kuliko zote, kwamba Waingereza walikuwa wakisoma mawasiliano ya siri ya Wajerumani, haimo, kwa kuwa ilikuwa bado siri. Ilitangazwa mwaka 1974, yeye akiwa amefariki tangu 1965. Nyaraka nyingi anazochapa ni maagizo aliyoyatoa yeye. Majibu ya waliopewa maagizo hayo hayaonekani kwa wingi kama huo, kwa hiyo msomaji anasikia upande mmoja wa simu. Na njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua mamilioni chini ya serikali yake, karibu haina nafasi katika maelfu hayo ya kurasa.

Utasikia watu wakimnukuu eti alisema historia itamwonea huruma kwa sababu ataiandika mwenyewe. Hakusema hivyo. Alichosema Bungeni Januari 1948 ni kwamba ni bora vyama vyote viiachie historia mambo yaliyopita, hasa kwa kuwa anakusudia kuiandika historia hiyo yeye mwenyewe. Ukitumia maneno hayo redioni, tumia hayo ya kweli.

Sasa, uanze wapi? Anza na My Early Life, kwa sababu kitakufundisha kupenda sauti yake, na bila kuipenda sauti huwezi kufika mbali. Kisha My African Journey, kwa kuwa unayajua maziwa na watu wake na hutahitaji mwalimu kukuambia wapi kakosea. Baada ya hapo The River War, na hapa nakusihi: hakikisha ni maandishi kamili ya 1899. Ukifungua ukakuta juzuu moja na utangulizi wa 1902, hilo ni lile lililokatwa. Toleo kamili lenye alama za kuonyesha kilichoondolewa limechapwa upya miaka hii ya karibuni. Ni ghali, ila maktaba ya chuo kikuu ikiombwa hulitafuta. Vile vitabu vya mwanzo vingi vimekwisha kupakiwa bure mtandaoni. Na ukitafuta jina lake uweke ile S katikati, Winston S. Churchill, maana palikuwa na Mmarekani mwandishi wa riwaya mwenye jina hilo hilo, maarufu kuliko yeye wakati ule, na mwaka 1899 waliandikiana barua na kukubaliana kwamba Mwingereza atie jina la Spencer kwenye vitabu vyake.

Umeniuliza kama tumwamini. Kwa alichokiona kwa macho yake akiwa kijana, mwamini sana, ukitoa chumvi kidogo. Kwa alichokiamua akiwa mkubwa, msikilize kama shahidi mwenye kesi, kisha utafute shahidi wa pili. Kwa ya Kisii shahidi wa pili yupo karibu nawe. Kutoka Musoma mpaka Kisii si mbali, ni kuvuka Sirari na kupanda milima, na wazee wa kule wanalisimulia jina la Otenyo, na la Moraa, yule mwanamke mtabiri aliyemtia moyo. Nenda na kinasa sauti chako.